Fumua Mpaka Hatua ya Kumi na Tisa

Kabambare, 29 Julai 2024

Kwa mdogo wangu Ibrahim,

Salamu kwako na kwa mama yako Aziza hapo dukani kwenu. Sisi huku tuko wazima, ila mimi nimekasirika, na afadhali nikuambie mapema ili usiisome barua hii huku unakunywa chai.

Jumamosi nilipanda kile kilima chetu cha mtandao, tableti ikavuta fomu mpya kutoka ofisini kwenu Kasongo. Nikaenda nayo Lusangi kuandikisha upya, kama kila msimu, mashamba ya wanachama wa ushirika. Nilianza na shamba la mama yangu mzazi, Albertine, kusudi watu waone kwamba mwandikishaji hafichi la kwao. Unakumbuka fomu ya zamani ilivyokuwa. Nafasi mbili: nani alifyeka msitu, na nani analima. Tuliichora pamoja kwa chaki kwenye ukuta wa ofisi wakati wa mafunzo. Ulituambia kila kisanduku tunachochora kinazaa nafasi katika fomu, na ukigusa mchoro mmoja tu, fomu zote zilizo mikononi mwetu zinabadilika. Mimi nikakuambia kwamba kwetu shamba moja lina watu wawili, anayeangusha miti na anayeshika jembe, na ukichora mmoja umechora nusu. Ukakubali. Ukachora visanduku viwili.

Sasa nafasi ni moja. Imeandikwa "Mkuu wa nyumba".

Shamba lile alilifyeka baba. Baba amekufa, huu ni mwaka wa nne. Anayelima ni mama, na alikuwa analima baba akiwa hai. Baba mdogo Déo alikuwa amesimama nyuma yangu, akachungulia, akasema kwa upole kabisa: "Andika tu jina yangu, Pascaline. Mashine inaomba mutu moja. Yaya yangu, baba yako, alikufa, mukubwa wa nyumba ni mie."

Nilizima tableti nikasema chaji imeisha. Ulikuwa uongo, lakini uongo wangu haukuchukua shamba la mtu.

Unajua kalenda kama mimi. Tarehe 10 Septemba vyeti vinachapishwa, chifu anasaini, mvua inaanza. Jina litakalotoka kwenye cheti ndilo litakalopewa mbegu, ndilo litakaloitwa kikaoni, na ndilo litakaloweza kumkabidhi mtu mwingine shamba. Mama yangu atakuwa mgeni katika karanga zake mwenyewe.

Rudisheni ilivyokuwa. Nimetafuta neno "tafadhali" nikalikosa.

Dada yako,
Pascaline


Kasongo, 5 Agosti 2024

Yaya Pascaline,

Salaam nyingi. Barua nimeipata kwa mkono wa Clovis, pikipiki yake ikiwa na vumbi mpaka kwenye kiti. Anasema kivuko cha mto Luama kimeharibika, alivuka kwa mtumbwi na pikipiki ikavuka baadaye peke yake kama bwana mkubwa. Mama anakusalimu.

Pole kwa hasira. Naomba unielewe. Mabadiliko yale yamepitishwa ofisini, na Bwana Antoine, mratibu wetu, aliyasifu mbele ya wageni waliotoka Kindu. Alisema kwa mara ya kwanza hesabu ya wakulima inasomeka.

Halafu kuna ugumu wa kazi yenyewe. Programu yetu ya michoro inaandika kila badiliko kama hatua yenye namba. Hilo la mkuu wa nyumba ni hatua ya kumi na tisa. Leo tuko hatua ya sitini. Kitufe cha "Annuler" kinarudi nyuma hatua moja moja, kuanzia ya mwisho. Hakiruki. Ili nifike kumi na tisa lazima kwanza nitengue arobaini na moja zilizokuja baadaye, na nyingi ni nzuri. Lugha ya Kibangubangu na Kizimba kwenye fomu, ambayo wewe ndiye uliyeipigania, imo humo. Orodha ya mbegu imo humo. Vivuko vya mito vimo humo. Ni kazi ya wiki tisa.

Nakushauri hivi: chini ya fomu kuna nafasi ya Maelezo. Andika humo jina la mama. Mwaka ujao tutatazama upya.

Mdogo wako,
Ibrahim Kassimu


Kabambare, 12 Agosti 2024

Bwana Ibrahim,

Umeona nimekuita bwana. Ni kwa sababu barua yako inanuka ofisi.

Maelezo nimeyajaribu. Niliandika humo: "Shamba hili linalimwa na Albertine, mjane, naye yuko hai na ana meno yote." Kisha nikaomba tableti inionyeshe cheti kitakavyotoka. Kilitoka na mkuu wa nyumba, na chini yake peupe. Maelezo yenu ni shimo la kutupia majina ya wanawake.

Sasa nikuambie habari ya mikeka, kwa kuwa naona huko Kasongo mnanunua iliyokwisha kufumwa. Mama akifuma mkeka, akigundua amekosea mstari wa kumi na tisa naye yuko wa sitini, hakai chini akasifu mistari arobaini na moja iliyofuata. Anafumua. Anafumua huku anatukana, ni kweli, mchana mzima anatukana, lakini anafumua, kwa sababu mkeka wenye kosa katikati unapinda, na kila mstari mzuri unaouongeza unazidisha kupinda. Ukindu haupotei. Anaufuma tena. Kibangubangu nilikipigania mimi na nitakipigania mara ya pili, mikono ninayo.

Ujue pia kwamba tangu tarehe mosi sijatuma hata shamba moja. Naandika kwenye daftari la shule, safu mbili, nilizipiga mstari mwenyewe kwa rula. Watu wanapanga foleni kwenye daftari. Juzi Emilienne, jirani yetu, ambaye mumewe yuko Salamabila anachimba dhahabu mwaka wa sita na kufyeka alifyeka siku tatu tu, aliitazama ile tableti akaniuliza: "Kwa hii mashine yenu, mie niko mutu ao niko jembe?" Nijibie wewe, wewe ndiye fundi.

Na swali la mwisho. Ulitufundisha mwenyewe kwamba kila hatua inaandikwa pamoja na jina la aliyeifanya. Ulisema, "Katika kazi hii mkono haufichiki." Basi hatua ya kumi na tisa ni mkono wa nani? Niandikie jina nimwandikie yeye, nikuache wewe upumzike.

Pascaline


Kasongo, 18 Agosti 2024

Yaya,

Nimesoma barua yako mara tatu. Usiniite bwana.

Mkono si muhimu. Mfumo ni wa ofisi nzima, na aliyebonyeza kitufe hakubonyeza kwa ubaya. Hebu jiweke mahali pake. Anafungua hesabu, anakuta mashamba elfu moja na ishirini na watu elfu moja mia tisa na arobaini. Shamba moja, jina mara mbili. Shamba la pili, jina mara mbili. Yeyote aliyekulia mjini angedhani waandikishaji wamerudia majina. Angesema hii ni takataka, ngoja nisafishe. Angeona fahari kabisa, akarudi nyumbani akala vizuri. Majina mia tisa na ishirini yanaondoka kwa mbonyezo mmoja, na hakuna anayelia, kwa hiyo anaendelea na hatua ya ishirini.

Na kusema kweli, jina moja lina ubaya gani? Mlangoni kwenye duka letu kumeandikwa KASSIMU tangu kabla sijazaliwa. Jina moja. Baba alifariki, jina likabaki, tunauza vitenge kama kawaida na hakuna mtu aliyewahi kulalamika.

Nakuonya kwa mapenzi. Bwana Antoine ameona kwamba Kabambare haitumi kitu. Amesema mwandikishaji asiyetumia fomu mpya atatafutiwa mtu wa kukaa mahali pake. Tuma hata mashamba hamsini, yaya. Nisaidie nikusaidie.

Ibrahim


Lusangi, 25 Agosti 2024

Ibrahim mutoto wa Aziza,

Ni mie Albertine, mama ya Pascaline. Mie nasema, yeye anaandika. Nimemukataza kupunguza neno na nimemukataza kuongeza.

Alinisomea barua yako. Unasema duka yenu iko na jina moja mulangoni na hakuna mutu analalamika. Ile duka naijua. Nilinunua kitenge pale wakati wa arusi ya huyu Pascaline. Baba yako Kassimu, Mungu amurehemu, alikuwa muzima, lakini alikuwa Kindu kutafuta bidhaa. Ni mama yako alinipimia. Nilirudi tena, baba yako alikuwa amekufa. Ni mama yako tena alinipimia. Sasa nakuuliza, mutoto wangu, ni nani anafungua ile mulango kila asubui?

Shamba yangu, bwana yangu alikata miti mwaka moja. Alikata muzuri, simukatalii ile. Kisha mie nikalima miaka kumi na ine. Mawe nilitoa mie. Iko muti moja ilimushinda, mie niliichoma moto kwa shina siku tatu mpaka ikaanguka yenyewe. Sasa mashine yako inasema mie siko pale.

Déo si mutu mubaya. Ni shemeji yangu, nimemupikia sana. Lakini Déo akikuta mulango wazi anaingia, hata kama hana njaa. Alikuja jana kupima shamba kwa miguu, anahesabu hatua kwa sauti. Nilimuacha ahesabu. Alipofika mwisho nilimuambia arudi nyuma akihesabu vilevile mpaka kwake.

Kama ni wewe ulifungua ile mulango, funga. Siombi. Ningekuwa naomba ningekuletea kuku.

Salimia mama yako. Hii jina hapa chini nimeandika mie mwenyewe.

ALBERTINE


Kasongo, 2 Septemba 2024

Yaya Pascaline,

Hatua ya kumi na tisa ni mkono wangu. Tarehe 3 Juni. Hakuna aliyeniamuru, hakuna aliyepitisha. Bwana Antoine alisifu tu alichokikuta kimekwisha kufanyika, nami nilipoona anasifu nikaanza kusema "ofisi". Nimekuwa nikisema ofisi kwa muda mrefu, nikaja kuamini kwamba mimi sikuwepo.

Nilimsomea mama barua ya mama Albertine. Alikuwa anakunja vitenge vya kurudisha kwenye rafu. Nikamuuliza kama ni kweli kwamba hakuna aliyewahi kulalamika. Hakuacha kukunja. Akasema: "Arobaini ya baba yako ilikuwa haiyaisha. Baba yako mukubwa alikuja, akasimama inje, akasoma ile jina kwa sauti ya juu, watu wote wakasikia. Wewe ulikuwa masomoni Kindu. Nilimutolea ile mashine ya kushona, akaenda nayo. Nilinyamaza, na watu wakasema Aziza halalamike. Kunyamaza na kukosa la kusema si kitu moja." Miaka tisa, yaya. Nilikuwa nikimwuliza cherehani ilikwenda wapi, ananijibu iliharibika.

Ijumaa baada ya sala sikurudi dukani, nilikwenda ofisini. Bwana Antoine alinikuta nimefungua mchoro. Nilimwambia ninachotaka kufanya. Akanikataza. Alisema wageni wa Kindu wamekwisha kupewa ile hesabu safi, na mtu hawezi kuwarudishia hesabu chafu. Nikamwambia uchafu huo una majina, na moja ni Albertine. Akasema nisubiri mwaka ujao. Ni maneno yangu mwenyewe niliyokuandikia, nikayasikia kwa sauti yake, nikaona haya mpaka masikio.

Alipotoka nilianza kubonyeza. Annuler. Vivuko vya mito vikaondoka. Annuler. Mbegu zikaondoka. Kibangubangu chako kilipotoweka niliumia kama mtu anayevua paa la nyumba yake. Nilihesabu kwa sauti. Mbonyezo wa arobaini na mbili, nafasi ya pili ikafunguka, na majina yakarudi. Hayakuwa yamefutwa, yaya, yalikuwa yamefunikwa tu. Yalipanda kwenye kioo moja baada ya jingine: Albertine, Emilienne, Esther-Divine, Aimée, mpaka mia tisa na ishirini. Nililia. Nakuambia kwa sababu nimechoka kuficha.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo penye hatari. Karibu na Annuler kuna ndugu yake, "Rétablir". Nilichotengua, yeye anarejesha. Mtu akikaa kwenye kompyuta hii leo akambonyeza huyo mara arobaini na mbili, kosa langu lote linarudi kama lilivyokuwa. Lakini ana udhaifu mmoja: ukirudi nyuma kisha ukachora kitu kipya, hata mstari mmoja, njia yake inakatika. Hana tena pa kupita. Kwa hiyo mahali hapa hapaachwi wazi, lazima pachorwe kitu.

Sikuchora. Hatua ya kumi na tisa nilikuwa nayo mara moja na nimeona nilichoifanyia. Mchoro nimeufungia kwenye flashi iliyo ndani ya bahasha hii, umesimama hatua ya kumi na nane. Jina lako nimelisajili kama mchoraji. Nenda kwa Cécilia, yule mwenye sekretariati ya kuchapa barua sokoni kwenu, kompyuta yake inaweza kuifungua. Chora wewe. Unachotaka. Kisha mrudishie Clovis kabla ya tarehe 8.

Sikuombi msamaha kwa barua. Nikiandika nitaonekana nataka tuyamalize haraka.

Ibrahim


Kabambare, 7 Septemba 2024

Ibrahim,

Nimechora. Ilinichukua siku tatu kwa sababu betri ya sola ya Cécilia inataka jua na jua halikutaka. Cécilia aliniuliza ninachapa barua ya nani inayochukua siku tatu. Nikamwambia barua ya serikali ya wanawake wa Lusangi. Akanipa kiti chenye mto.

Hatua ya kumi na tisa: kisanduku cha "Anayelima" nimekivuta mbele, "Aliyefyeka" anafuata. Na nimeongeza sharti moja dogo, ulilotufundisha kwenye mafunzo ukadhani hatukusikia: mmoja hawezi kufutwa na mkono mmoja. Ukitaka kuondoa jina la anayelima kwenye fomu, mashine inadai uthibitisho wake mwenyewe. Kibangubangu na Kizimba nimevirudisha pia. Orodha ya mbegu nimeirudisha, na safari hii nimeongeza aina ya karanga mliyoisahau. Vivuko vya mito sikuviweza, vichore wewe.

Madaftari matatu yamo kwenye mfuko. Mashamba mia tatu na kumi na nane, safu mbili. Mwandiko ni wangu, usiulaumu. Ukurasa wa saba una doa la mawese, ni la Emilienne, alitaka kuhakikisha kwa kidole kwamba jina lake limo.

Mtu wa kukaa mahali pangu alifika jana, ametumwa na ofisi. Kijana mpole, amevaa viatu vyeupe. Wanawake wamemkaribisha vizuri, wamempa chakula, wamempeleka kwa kila shamba, na kila shamba alipouliza mkuu wa nyumba ni nani, walimjibu: "Ndiye mie." Wote. Hata aliyeolewa wiki iliyopita. Anasema fomu yake haimwambii afanye nini. Amelala kwa padri, leo anarudi.

Fanya haraka.

Pascaline


Kasongo, 11 Septemba 2024

Yaya,

Flashi ilifika tarehe 8 saa nne. Siku mbili mama alikaa kando yangu na madaftari yako, ananisomea majina, mimi naandika. Alikuwa anasoma kwa sauti ile ya kuita wateja. Vivuko nilivichora katikati ya majina, yeye akinywa maji.

Tarehe 10 asubuhi Bwana Antoine aliona karatasi za kwanza zinatoka kwenye mashine ya kuchapia, akaona majina mawili. Alikaa kwenye kompyuta bila kunisalimu, akamtafuta Rétablir. Alibonyeza mara sita. Kitufe kilibaki kijivu, kwa sababu hatua yako ilikuwa imekaa njiani. Akaniambia nichore upya ile ya zamani, sasa hivi. Nikasimama nikamwachia nafasi. Nikamwambia: "Chora mwenyewe, bwana mratibu. Ni rahisi, kisanduku kimoja unafuta. Programu itaandika tarehe ya leo, saa, na jina lako." Alitazama mahali ambapo jina linaandikwa. Kisha akaondoa mkono.

Vyeti vyote vimechapwa. Clovis na wenzake wawili wanavibeba, vimefungwa kwenye plastiki ya kufungia vitenge kutoka dukani. Mimi sina kazi tena tangu saa sita mchana jana. Funguo nimerudisha, lakini mchoro hakuna awezaye kuugusa bila kuacha jina.

Niko dukani. Nakunja vitenge vibaya, mama anavifumua na kuvikunja tena.

Ibrahim


Kabambare, 23 Septemba 2024

Kwa mdogo wangu Ibrahim,

Nimekurudishia jina lako la mdogo wangu, umelifanyia kazi.

Chifu alisaini Alhamisi, uwanjani, meza ikiwa juani. Alipofika kwenye cheti cha mama alisoma kwa sauti: anayelima, Albertine, aliyefyeka, marehemu mumewe. Baba mdogo Déo akasimama akauliza: "Na mukubwa wa nyumba, mumemuweka wapi?" Chifu akageuza karatasi, akatazama mgongo wake, akasema: "Hapa haiko. Hapa iko mutu anafyeka na mutu anashika jembe. Wewe uko nani katika hawa wawili?" Déo akakaa. Jioni alikuja kula kwa mama kama kawaida, na mama akampa mguu wa kuku. Ndivyo alivyo. Cheti alikuwa amekivaa kifuani ndani ya nguo, kikawa kinalia kila alipoinama kumpakulia.

Ofisi imeniandikia kwamba msimu ujao watatengeneza mfumo mpya kabisa, kutoka mwanzo, na wataalamu wengine. Watengeneze. Tutafungua orodha ya hatua, tutasoma majina, na watakapokosea tutawaonyesha mahali pa kuanzia kufumua. Wanawake ishirini na sita wameniomba niwafundishe kuisoma ile orodha. Nimeanza leo, kwa chaki, kwenye ukuta wa Cécilia. Ukiwa huna kazi, njoo ufundishe nusu, chakula kipo.

Kuna jambo moja sijakuambia. Ile siku ya kwanza, tarehe 27 Julai, pale kilimani, kabla hata sijashuka kwenda Lusangi, nilifungua orodha ya hatua kama ulivyotufundisha. Nikaona: kumi na tisa, 3 Juni, Ibrahim Kassimu. Nilijua kabla ya barua ya kwanza. Ningeweza kumwandikia Bwana Antoine siku hiyohiyo, na watu waliniambia nifanye hivyo. Lakini jina lililoandikwa na mashine si sawa na jina ambalo mtu ameliandika mwenyewe, na mimi nilitaka lile la pili. Nilikuwa tayari kukungojea mpaka tarehe 9. Tarehe 10 ningekuja Kasongo na wanawake wote wa Lusangi, na usingetupenda.

Clovis anasema mlango wenu una rangi mbichi, na mama Aziza anamfukuza kila anayetaka kuushika. Alitaka kunieleza kilichoandikwa. Nimemkataza. Nitakuja kusoma mwenyewe.

Dada yako,
Pascaline